Maji Yalimpeleka Wapi

Mama yangu, akiulizwa na majirani kule Ng'ambo mwanawe anafanya kazi gani, husema, "Anapiga ramli ya serikali." Nshamkataza mpaka nimechoka. Nikimwambia ni hesabu, mama, hesabu za upepo na mikondo ya bahari, hunitazama kwa huruma na kuendelea kukuna nazi yake. "Mtu kapotea baharini," huniambia, "hujamwona, hujui alipo, umekaa Mji Mkongwe mbele ya kioo chako, unasema nendeni pale. Hiyo kama si ramli ni nini?"

Siku hizi simjibu. Kusema kweli, hata mimi yapo mambo ya kazi hii nisiyoweza kuyaeleza bila ya kushusha sauti.

Ni hivi. Mtu akipotea baharini, mimi hupigiwa simu, nikaambiwa kaonekana wapi mwisho, wakati gani, na alikuwa katika hali gani. Nayatia hayo kwenye kompyuta pamoja na upepo na mkondo wa siku ile. Kompyuta hainipi jibu moja. Inamwaga nukta, maelfu ya nukta, pale pale mtu alipoonekana, na kila nukta ni mtu yule yule mwenye bahati tofauti kidogo: huyu upepo umemsukuma zaidi, yule mkondo umemkamata mapema. Halafu nukta zinaanza kutembea. Mwanzo zimeshikana kama mchele kiganjani, na kadiri saa zinavyokwenda ndivyo zinavyotawanyika. Zinapobaki nyingi ndipo tunapopeleka boti kwanza. Miaka yote hii sijazoea. Kila zikianza kutembea mwili unanisisimka, kwa sababu najua kwamba moja katika zile, au karibu yake, ni mtu kweli. Ana miguu, ana kiu, na anaitazama mbingu ile ile ninayoiona mimi dirishani.

Tabu yetu ya mwanzo ilikuwa majedwali. Ili ujue mtu atakwenda wapi lazima ujue upepo unamshika kiasi gani na maji yanamshika kiasi gani, na vipimo tulivyopewa vilitoka nchi za baridi. Mtu wao wa kupotea alikuwa mwanamume, kavaa koti zito na jaketi la kujiokolea. Hapakuwa na yeyote aliyekaa akampima mwanamke wa Kiunguja, kavaa dera, gagulo chini, mtandio kichwani. Nilikasirika. Na mimi nikikasirika sikai kitako. Nikenda Darajani kwenye mitumba na kwa wauza magodoro, nikarudi nyumbani na mzigo, nikamwambia mama, ambaye ni fundi cherehani, "Mama, nshonee mtu."

Tulimshona sebuleni. Tukamjaza sponji na mchanga na chupa za maji, tukampima kwenye pipa uani mpaka akaelea kama mtu anavyoelea, kichwa na mabega nje. Mama akakataa kata kata kumtoa bila ya gagulo. "Hata kama mdoli," akasema, "hatotoka kwangu uchi." Kwa siku kadhaa yule mwanamke wetu alikaa kwenye kochi, na jirani mmoja asiyeona vizuri alimsalimia kila alipoingia, mpaka akanung'unika kwamba mgeni wetu hana adabu.

Mimi na wenzangu wa kazini tukampeleka Uroa, pwani ya mashariki. Mashamba ya mwani ya kule yanahamia maji ya kina, kwani maji ya pwani yamekuwa ya moto na mwani unakufa, na wanawake ambao zamani walifanya kazi maji yakiwa magotini sasa wanaelea kwa viboti karibu na mwamba. Ndio niliowafikiria. Tulivyomshusha mdoli ndani ya mashua watu walijaa pwani. "Mnamtupa bibi harusi wa nani?" mwanamke mmoja akauliza, na kicheko kikapasuka. Mzee mmoja hakucheka. Alisimama pembeni akisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya kusikika, akitutazama sisi, si mdoli.

Tulimtia majini nje ya mwamba, na pembeni yake tukaacha kiboti kidogo kitupu. Ilikuwa kaskazi, upepo unatoka juu, unasukuma kila kitu kwenda kusini. Nilijua kwa vitabu kitakachotokea. Lakini kujua kwa vitabu si kuona! Vilikaa pamoja kidogo, mdoli na kiboti, kama watu waliokutana njiani wakasimama kuzungumza. Halafu vikaachana. Kiboti kilishika upepo kikaanza kwenda kusini. Mdoli, aliyezama mpaka mabegani, akaanza kwenda kinyume cha upepo, polepole, wala hakutetereka, kaskazini. Hapana aliyemvuta. Mkondo mkubwa wa pwani ile ulikuwa unapita chini yetu na sisi hatuusikii, hausemi, hauna povu. Nilishika ukingo wa mashua nikasema Subhanallah. Bahari moja, mbele ya macho yangu, ilikuwa inakwenda njia mbili.

Siku ninayotaka kuisema ilikuja mwaka mmoja baadaye, katika Shaaban, kaskazi inavuma. Simu iliingia ofisini karibu na adhuhuri. Alikuwa mwanamume kutoka Uroa, sauti imemkauka. Mkewe alikuwa kwenye mwani asubuhi, maji yakitoka, na hakurudi. Nikamwambia pole, nikavuta kiti, nikaanza kuuliza ninayotakiwa kuuliza.

"Mkeo mnene au mwembamba?"

"Ati?"

"Na kavaa nini? Nambie vyote, vya juu na vya ndani."

"Wewe mwanamke," akasema taratibu, "una akili timamu?" Akakata.

Ah! Hapo ndipo ninapokosea kila siku. Mimi mdomo wangu hauna breki, na katika haraka husahau kwamba hakuna mwanamume wa shamba atakayemsimulia mgeni gagulo la mkewe kwenye simu. Nikapiga tena. "Shemeji," nikasema, "nisamehe sana. Nlikosa adabu. Nnataka kumtafuta, na maji yanamshika mtu kwa alivyovaa. Nipe mwanamke yeyote aliyekuwa naye."

Akanipa dada yake, yaani wifi wa yule aliyepotea. Alikuwa analia, na tangu asubuhi wanaume walikuwa wanapita mbele yake na injini na kamba, hakuna aliyesimama kumsikiliza. Nikamwachia alie kwanza. Halafu akanisimulia.

"Kamba ya kiboti ilikatika, Bi. Maji yalikuwa yanatoka kwenye mlango wa mwamba kwa nguvu. Akakifuata kiboti kuogelea, kikamshinda. Mkondo ushamkamata. Akageuka, akashika kamba ya mwani wa mwisho, ile yenye madumu yanayoelea, nayo ikang'oka. Kaenda nayo."

"Mwani bado umo kwenye kamba?"

"Umejaa tele. Hatujauvuna."

"Unafikiri ataiachia?"

"Yule?" Akacheka katikati ya kilio, kicheko kilichomtoka tu. "Wifi yangu kwa mwani! Haachii, wallahi haachii. Sisi humtania kwamba atazikwa nao." Halafu akasikia alichokisema, na nikamsikia anajiziba mdomo kwa mkono.

Nilipogeuka, mkubwa wangu alikuwa nyuma yangu. Ni mtu mpole, hapendi kelele, na mimi namtia kelele kila siku. "Kiboti kimeonekana," akasema. "Kimesukumwa kusini mpaka upande wa Michamvi. Vyombo vyote vya Uroa na Chwaka vimekwenda huko."

"Wanafuata kiboti."

"Watafuata nini kingine?"

Nikamwonesha kwenye ramani upande wa kaskazini, mkondo unakokwenda. Boti ya uokozi iliyokuwa karibu ni moja tu, iko Matemwe, kule kaskazini, kwa mafunzo, na mafuta yake hayatoshi kuzunguka pwani yote kabla ya giza. Ama inakwenda kusini pamoja na wengine, ama inakaa kaskazini peke yake. Na mwanamke aliyeshikilia kamba ya madumu tangu asubuhi, mikono yake haitongoja mpaka kesho. Tukikosea upande, tumemuua. Hakuna namna ya kulisema hilo kwa maneno mazuri.

Nikakaa kuitia hesabu. Programu ile ina pahala inapokuuliza: mtu huyu yu hai, au ni maiti? Si ukatili. Maiti analala kifudifudi, na upepo na maji vinamchukua kwa namna nyengine. Lazima uchague, bila ya hivyo nukta hazitembei. Nikachagua hai. Nikachagua mtu aliyesimama wima majini, mzito chini, kwa sababu mwani umejaa, unaning'inia na kushika maji kama tanga lililopinduliwa.

Nikabonyeza.

Kwanza nilikiendesha kiboti, kuipima kompyuta. Nukta zake zikateremka kusini zikaangukia Michamvi, pale pale kilipoonekana. Halafu nikamwendesha yeye. Nukta zikatoka kwenye mlango wa mwamba zimesongamana, zikasita, zikageuka kaskazini. Zikapita nje ya Kiwengwa, mbali na macho ya watu, zinapanda. Mtu mmoja na kiboti chake, wametoka mlango mmoja, na kila saa bahari inazidi kuwatenga.

"Una hakika?" mkubwa wangu akauliza.

"Sina."

"Hata kidogo?"

"Nna hakika na maji. Yeye sijui kama bado kashika."

Akachukua simu, akaiamuru boti ibaki kaskazini. Akiwa bado na simu sikioni akaniambia, "Na wewe nenda. Akipatikana atataka kuona mwanamke. Chukua kanga."

Sikumbuki vizuri njia ya kwenda Pwani Mchangani. Nakumbuka kompyuta mapajani na kanga mbili nilizonyakua kwa mwanamke anayetupikia chai, bila ya kumweleza. Boti ilikuwa imeteremka kutoka Matemwe, inaningojea. Nahodha alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, mikono mikubwa. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Haya, ramli yako inasemaje?"

Siku nyengine ningemjibu mpaka akajuta. Siku ile nilimwonesha tu pahala kwenye kioo, naye akatazama, akatazama bahari, akawasha injini.

Sasa nikwambie kitu. Kwenye kompyuta yangu, bahari ile ni kipande cha buluu kinachofunikwa kwa kiganja. Tulipovuka mwamba na kutoka nje, nilitaka kurudi. Mawimbi yanapanda na kushuka, kila moja linaweza kuficha kichwa cha mtu, na yako mangapi? Jua linapigia maji mpaka macho yanatoa machozi. Nilikuwa nimezoea kusema "pale", nikigusa kwa kidole. Pale! Pale penyewe palikuwa pakubwa kuliko mji niliozaliwa. Nilijiona mdogo, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kazi yangu.

Tukaenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayefagia uwanja. Tukamaliza pale nukta zilipokuwa nyingi. Hakuna. Kipande cha neti, nazi, ndara moja. Kwenye redio watu wa kusini nao walisema hakuna. Jua lilikwishaegemea upande wa kisiwa, na baharia mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba labda tungeungana na wenzetu.

"Wenzetu wanamtafuta mtu pasipokuwa na mtu!" nikapiga kelele. "Kama umechoka, shuka uogelee nyumbani!"

Nilitegemea nahodha anigombeze, na ningestahili. Alinitazama tu. "Mwanangu," akasema, "nukta zako zinaishia wapi?"

Nikamwonesha ncha ya wingu la nukta, kule juu, ambako zilibaki chache.

"Basi tutakwenda mpaka hapo zinapoishia. Ndipo turudi."

Yeye ndiye aliyeona. Alipunguza mwendo, akanyoosha mkono. Nikaona rangi ya njano, ikapotea, ikatokea tena. Dumu la mafuta ya kupikia. Halafu la pili, la tatu, mstari mzima wa madumu umejikunja kama kitu kilicholala, na katikati yake kitu cheusi kidogo ambacho nilidhani ni jiwe, nikajiambia hapa nje hakuna jiwe.

Jiwe likainua mkono.

Allah! Sijui nilipiga kelele gani. Nilikuwa nimetazama nukta kwa miaka, na sasa moja ilikuwa inanipungia mkono. Nywele zake zilikuwa wazi, kwani mtandio alikuwa amejifungia nao kwenye kamba, kiunoni, ili mikono ikichoka asiondoke. Na neno la kwanza lililotoka kwake, kwa sauti iliyokwaruza, lilikuwa, "Geuzeni nyuso!"

"Geukeni!" nikawafokea. Wanaume wote, na nahodha na ndevu zake, wakageuka kama wanafunzi. Nikalala kifudifudi kwenye ukingo, nikamfunika kichwa kwa kanga ya kwanza, nikamzungushia ya pili mabegani, ndipo nikawaita wanisaidie kumvuta. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Hakuwa tayari kuiachia kamba.

"Na mwani," akasema.

"Mama, achana na mwani!"

"Nimekaa nao kutwa. Hamuuachi hapa."

Nahodha akauvuta mwani wote ndani ya boti, rundo zima linalonuka chumvi, na machozi yanamtiririka kwenye ndevu. Nikafungua chupa ya maji nikamwekea mdomoni. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Akaizuia chupa kwa vidole, akatazama upande wa nchi kavu.

"Jua lishatua?"

"Bado. Kunywa."

"Basi nangoja. Nimefunga. Nnalipa siku zangu za Ramadhani iliyopita, na nyengine hii inaingia."

Sote tulimtazama. Kutwa ndani ya maji, hajatia tone kooni tangu daku, na alikuwa anauliza jua. Nahodha akamwambia kwa upole kwamba dharura inaruhusu. Akasema anajua, lakini kilichobaki ni kidogo. Hapo nikashindwa. "Utakunywa!" nikamfokea, kamasi zinanitoka. "Sikutoka mjini kukutafuta bahari nzima uje unifie mkononi kwa kiu! Kunywa, hiyo siku utailipa!"

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Loo," akasema, "una ukali wewe." Akasema Bismillahi, akanywa.

Tulipopata mtandao tukampigia mumewe. Nikampa mkewe simu, lakini yule bwana hakuweza kusema neno lolote, na mkewe pia hakusema. Walikaa hivyo, kila mmoja anasikia pumzi za mwenzake, mpaka tukafika pwani.

Nilikwenda kumtazama Uroa wiki iliyofuata. Alikuwa amekaa barazani, mikono imefungwa bendeji, wifi yake anamchagulia mchele pembeni. Mumewe alinisalimia kwa heshima kubwa na hakunitazama usoni. Nilikuwa na swali, na nilifunga safari kwa ajili yake. Nilitaka kujua nini kilimfanya ashike kutwa nzima, maana kwenye hesabu zangu hakuna pahala pa kuandika hilo.

"Mwanzo nililia," akasema. "Nliwaona. Vyombo vyao kule kusini, vinakifuata kiboti, vinazidi kuwa vidogo. Nikaita mpaka sauti ikakatika. Nikajua hakuna atakayekuja, wote wamenipa mgongo. Halafu nikatazama jua, nikatazama na minazi ya pwani inavyopita. Nikajua maji yananipeleka wapi."

"Wapi?"

Alinishangaa: mimi, mtoto wa Kiislamu wa Unguja, nauliza hilo.

"Si kibla? Sisi tunaswali tumeelekea wapi?"

Kaskazini. Tangu nijue kusimama kwenye msala naelekea kaskazini, na siku ile nimetazama nukta zake zikipanda kuelekea huko saa baada ya saa, na nilichokiona ni mkondo tu.

"Basi nikaacha kulia," akasema. "Nikasema, hata nikifa nshaelekezwa kibla. Ilipoingia adhuhuri nikaswali humo humo majini, kwa macho tu. Nikaswali na alasiri. Wala sikuwa na haja ya kugeuka."